Jirani Nyuma ya Bati

   Somo letu la leo limetoka katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, kuanzia mstari wa 36 hata mwisho wa sura. Mwenye Biblia na aifungue, na asiye nayo na atege sikio.

Hapo twasoma habari za mwanamke mmoja wa mji wa Yafa, ulio kando ya bahari. Jina lake lilikuwa Tabitha, na kwa Kiyunani aliitwa Dorkasi. Majina hayo yote mawili maana yake ni paa, yule mnyama mwepesi wa mbio. Kama Tabitha aliwahi kuhubiri, Luka hakutuandikia neno hata moja la mahubiri yake. Hatuambiwi kwamba alikuwa na cheo, wala hatuambiwi habari za mume au watoto. Twaambiwa tu kwamba siku zake zilijaa matendo mema, na kwamba aliwapa maskini. Kisha akaugua, akafa. Waamini wakatuma watu wawili kwenda Lida kumwita Petro. Petro alipopandishwa orofani, wajane walimzunguka wakilia, wakamwonyesha nguo. Kila mmoja wao alikuwa na kanzu au vazi alilolishona yule marehemu kwa mkono wake.

Katika habari hii fupi kuna mambo mawili ambayo msomaji aweza kuyapita bila kuyaona. La kwanza ni kwamba Luka anamwita Tabitha mwanafunzi. Katika Kiyunani ametumia neno lenye maana ya mwanafunzi aliye mwanamke, na neno hilo halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Kwa hiyo mama huyu, ambaye sindano yake ndiyo iliyokuwa mahubiri yake, amepewa jina la heshima pamoja na wale waliomfuata Bwana. La pili ni kwamba zile nguo alizishona akiwa anaishi kati ya wale wajane. Aliwajua. Alijua ni nani ambaye kanzu yake imechakaa mabegani, na ni nani atakayeona baridi usiku. Mtu hawezi kumshonea mwenzake nguo ikamwenea bila kumkaribia na kumpima.

Basi, wapendwa, jambo tunalotaka kulieleza leo ni hili: imani yetu huonekana kwa yule aliye karibu nasi, kwa kile kilicho mkononi mwetu, na kwa muda mrefu kuliko siku moja. Na ili tusiseme maneno ya hewani, twende pamoja hadi Nairobi, kwenye mitaa miwili ambayo wengi wenu mwaijua, Kibera na Kawangware.

Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, mwanzoni mwa karne ya 20. Wao ndio walioiita Kibra, yaani msitu. Baadaye wakaja watu kutoka kila upande wa Kenya wakitafuta kazi. Kwa miaka mingi watu walizoea kusema kwamba Kibera ina watu milioni moja, na wengine walizidisha hesabu hiyo. Lakini sensa ya mwaka 2009 ilipopita mlango kwa mlango, ilihesabu watu 170,070. Hatusemi haya ili tupunguze shida za Kibera. Twayasema kwa sababu kuna fundisho ndani yake. Mtu akiambiwa kuna maskini milioni moja, hukunja mikono na kusema, kazi hii ni ya serikali na mashirika makubwa. Lakini mwenye kuhesabu hupita mlango kwa mlango, na upendo nao hupita njia hiyo hiyo. Hatukuagizwa kuupenda umati. Bwana alitaja jirani.

Katika Kibera hiyo, mwaka 2000, aliishi muuguzi mmoja mjane ambaye hakuwa na kazi. Tazameni jinsi Mungu anavyotukumbusha mambo: jina lake lilikuwa Tabitha, Tabitha Atieno Festo. Mwaka huo alifika Kibera mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Marekani, Rye Barcott, aliyekuja kujifunza maisha ya vijana wa mtaa ule. Tabitha alimwomba dola 26, kiasi cha shilingi 2,000 hivi za wakati ule, apate mtaji wa kuuza mboga. Kijana akampa, kisha akarudi kwao. Alipokuja tena mwaka 2001, alikuta biashara ile ya mboga imezaa zahanati. Tabitha alikuwa ameanza kuwatibu wagonjwa katika chumba chake mwenyewe. Mwaka huo wao wawili, pamoja na Salim Mohamed, walianzisha shirika la Carolina for Kibera, na zahanati ikakua. Tabitha alifariki mwezi wa Desemba mwaka 2004. Kwa miaka mingi baada ya kifo chake, wagonjwa wa Kibera wametibiwa katika zahanati yenye jina lake.

Tufikirie habari hiyo polepole. Ni kweli kwamba fedha zilitoka kwa mgeni, nasi twamshukuru Mungu kwa kila mkono unaotoa. Lakini shilingi 2,000 zaweza kuisha kwa siku mbili zisionekane zimekwenda wapi. Kilichozigeuza kuwa dawa na kitanda cha mgonjwa ni macho ya mwanamke aliyeishi pale pale. Alijua uuguzi, na hakungoja kwanza apewe jengo ndipo aanze kuutumia. Alikuwa na chumba kimoja, na chumba hicho akakifungua. Musa aliulizwa na Mungu ana nini mkononi, naye alikuwa na fimbo tu. Je, sisi tuna nini? Mmoja ana cherehani, mwingine ana pikipiki, mwingine anajua kusoma na kuandika barua, mwingine ana saa moja ya jioni isiyo na kazi. Hivyo navyo ni vipawa, na Bwana atatuuliza habari zake.

Sasa twende Kawangware, upande wa magharibi mwa jiji, tuingie katika mtaa uitwao Kongo. Wageni wakisikia jina hilo hudhani twataja ile nchi ya jirani, lakini hii ni Kongo ya Nairobi. Watu wake wengi hukaa katika ploti. Kwa wale msioijua ploti, ni safu mbili za vyumba vya mabati au vya mawe zinazotazamana, na katikati yake ni njia nyembamba. Kila jamaa ina chumba kimoja. Choo ni cha wote, na bomba, kama lipo, ni la wote. Lisipotoa maji, kila mtu hushika mtungi wake wa lita 20 akanunue mahali pengine. Asubuhi na mapema akina mama wengi huvuka kwenda Lavington, mtaa wa matajiri ulio karibu sana, kutafuta kibarua cha kufua nguo. Wengine huketi kwenye vibanda vyao vya sukuma wiki na nyanya.

Katika ploti, kati ya kitanda chetu na kitanda cha jirani kuna bati moja tu. Tunamsikia akikohoa. Tunamsikia mtoto wake akilia kwa njaa, au mkewe akilia kwa kupigwa. Tajiri katika ule mfano wa Lazaro, Luka sura ya 16, angeweza kujitetea kwamba nyumba yake ilikuwa kubwa na lango lilikuwa mbali. Sisi hatuna utetezi huo. Mungu ameziondoa kuta nene zote, akatuachia bati. Na mara nyingi tunapandisha sauti ya redio, labda hata redio hii inayotangaza Neno lake, ili tusisikie.

Tuchukue mfano mmoja, kikohozi. Tuseme katika ploti yuko kijana anayekaa peke yake, fundi wa kibarua, naye amekohoa kwa zaidi ya majuma mawili. Anakonda, na usiku anatoka jasho. Majirani wananong'ona. Wengine wanasema amerogwa, wengine wanawakataza watoto wasipite mlangoni pake. Upendo wa Kikristo utafanya nini hapa?

Kwanza, upendo utatafuta ujuzi. Dalili hizo zaweza kuwa za kifua kikuu, na ugonjwa huo unapona. Nchini Kenya dawa zake hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali. Huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa katika chumba kisichopitisha hewa. Hauenezwi kwa kushikana mikono wala kwa kula katika sahani moja. Na mgonjwa akiisha kuanza dawa na kuzifuata vizuri, kwa kawaida baada ya majuma machache haambukizi tena. Mkristo akilijua hilo hataeneza hofu, bali atamwambia jirani yake, "Ndugu yangu, kesho twende pamoja ukapimwe." Neno la kulishika hapo ni "pamoja", maana mgonjwa mnyonge huogopa foleni, huogopa jibu, na kila siku anayokwenda hospitali anapoteza kibarua.

Pili, upendo utakaa. Dawa za kifua kikuu hunywewa kila siku kwa muda wa miezi 6. Baada ya majuma machache homa hupungua, kikohozi hutulia, na mwili hurudi. Hapo ndipo wengi huziacha. Wanaona wamepona, au wamechoka, au hawana chakula, na dawa kwa tumbo tupu huwasumbua. Lakini vijidudu vilivyosalia hurudi na nguvu, navyo vyaweza kuizoea dawa hata isivue tena. Kwa sababu hiyo wauguzi hutaka kila mgonjwa awe na mtu wa karibu wa kumwona akimeza dawa zake. Mtu huyo hahitaji kuwa daktari. Anahitaji kupita mlangoni kila asubuhi, kumtazama mwenzake akimeza, na pengine kumpelekea kikombe cha uji. Miezi 6 ni asubuhi zaidi ya 180. Wapendwa, kumhubiria mtu kwa nusu saa ni rahisi kuliko kupita mlangoni pake mara 180. Lakini huyo aliyepitiwa mara 180, akisikia siku moja kwamba Mungu anampenda, atakuwa na sababu ya kuamini.

Tatu, upendo utashirikiana na wengine. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, watu wanaokaa mitaani humo humo na kutembelea nyumba. Kanisa lisishindane nao. Mkristo mmoja hawezi kubeba mgonjwa, yatima na wafiwa wote wa ploti. Ndiyo maana Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, anatufundisha kuchukuliana mizigo. Kikundi cha Biblia chenye watu 7 chaweza kugawana siku 7 za juma, kila mtu na zamu yake, na hakuna atakayelemewa.

Hapa wengine watauliza swali ambalo hatuna budi kulijibu. Watasema, "Mchungaji, jirani yangu si mtu wa kwetu." Swali hilo katika mitaa hii lina damu ndani yake. Baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, watu waliokuwa wakichota maji kwenye bomba moja huko Kibera waligeukiana. Nyumba zilichomwa, na hata reli inayopita katikati ya mtaa iling'olewa. Mwaka 2017, baada ya kura ya marudio ya tarehe 26 Oktoba, moto uliwaka Kawangware. Vibanda vikateketezwa na watu wakapoteza maisha. Wengi katika pande zote mbili walikuwa wamebatizwa. Jumapili walishika vitabu vya nyimbo, na katikati ya juma wakashika mawe.

Hilo latuonyesha kwamba upendo wa kila siku si pambo la imani, la kuongezwa tukipata nafasi. Ni jambo la uhai na mauti. Yule Msamaria wa Luka sura ya 10 hakumwuliza aliyepigwa lugha ya mama yake. Tena mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani, naye Bwana akamgeuzia swali, amwambie ni nani aliyekuwa jirani. Yaani tusikae kuchambua watu ni yupi anastahili upendo wetu. Tujichunguze sisi, kama tumekuwa majirani. Na ujirani haujengwi siku ya vita. Mama aliyemshikia mwenzake mtoto alipokwenda kufua, bila kujali kabila lake, ameweka tofali moja. Baba aliyechanga shilingi 50 katika matanga ya mtu wa mbali ameweka la pili. Siku wachochezi watakapokuja mlangoni, watakuta ukuta.

Kuna maonyo mawili. La kwanza, tusifanye huduma kuwa chambo. Tukimpa mtu unga ili aje kujaza viti vya kanisa letu, tumemnunua, hatukumpenda. Kibera ilianza kwa mikono ya Waislamu, na hata leo tunaishi nao mlango kwa mlango. Wao nao watusome katika matendo yetu kwa hiari yao. La pili, tutunze siri na heshima ya mtu. Wako wanaosaidia kisha wakalitangaza jambo hilo kwenye mkutano wa maombi, kwa jina na kwa ugonjwa. Katika ploti maneno hupita upesi kuliko maji, na mtu akiaibishwa mara moja hataomba msaada tena, hata akifa. Bwana alitufundisha katika Mathayo sura ya 6 kuhusu sadaka ya siri, naye alijua alilosema.

Na wewe unayesema, "Mimi mwenyewe ni maskini, nitatoa nini?" sikiliza tena habari ya wajane wa Yafa. Walipokea nguo, lakini siku ya msiba wao ndio waliokuwa pale chumbani na machozi yao na ushuhuda wao. Nao walikuwa na kitu cha kutoa. Katika Kanisa la Kristo hakuna aliyeumbwa apokee tu, wala hakuna aliyeumbwa atoe tu.

Ndugu zetu Waanglikana wanaijua Ibada ya Ushirika ya Kenya iliyotolewa mwaka 1989. Mwishoni mwake waamini huinyosha mikono yao kuelekea msalaba, wakipeleka huko shida na taabu zao zote, kisha huiinua mbinguni kwa tumaini. Ni tendo zuri sana. Lakini mikono ile haibaki kanisani. Twatoka nayo mlangoni. Ni mikono ile ile itakayobeba mtungi wa mama mgonjwa, itakayobisha kwenye mlango wa yule kijana anayekohoa, na itakayomwinua mlevi aliyeanguka mferejini. Ikiwa twaweza kuiinua Jumapili, na tuweze kuishusha Jumatatu.

Twamaliza na neno zito. Petro alipomwombea Tabitha wa Yafa, Mungu alimrudishia uhai, akakabidhiwa kwa wajane akiwa mzima. Tabitha wa Kibera hakurudi. Wengi wa wale tuliowatunza hawakurudi, nasi tuliwazika, tukalia. Je, upendo wao ulipotea? Hapana. Wajane wa Yafa walikuwa wanashika zile kanzu mikononi kabla Petro hajapiga magoti. Kazi ya upendo ilikuwa imesimama hata mautini. Nasi twamngoja Bwana Yesu aliyefufuka, atakayewaita watu wake kwa majina yao siku ile ya mwisho. Hadi siku hiyo, tushone.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemtuma Mwanao akae kati yetu, tupe masikio ya kumsikia jirani yetu usiku, na miguu ya kwenda kwake asubuhi. Wakumbuke wagonjwa wa Kibera na wa Kongo, na wa kila mtaa wa nchi yetu. Uwatie nguvu wanaowatunza. Utuondolee hofu na chuki ya kabila. Pokea kidogo kilicho mkononi mwetu, ukakitumie kwa utukufu wako. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.